Kitabu Nilichomwazima Dorika

Nakumbuka Jumapili moja alasiri, mwanangu, mama mkwe wangu aliponiambia nifunge kitabu kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na sikujua kwamba neno lile dogo, "Funga," lilikuwa ombi. Mimi nilidhani nimemshika.

Lakini nitafika huko. Kwanza nikujibu ulichoniuliza. Umesema akina mama wa ushirika wenu pale Kesses wanataka kusoma pamoja, na wamekuchagua wewe uwapendekezee vitabu: vile vya maisha ya Kikristo vya kuwajenga, na hizi riwaya mpya za siri za familia ambazo siku hizi kila mtu anazo kwenye simu. Umekuja kwangu kwa sababu umesikia zamani niliuza vitabu. Ni kweli, niliviuza. Na nisamehe, mtu akiniambia anataka kuwachagulia wengine vitabu, huwa namtazama vizuri kabla ya kumjibu. Si kwamba nakushuku. Au tuseme nakushuku kidogo, kama ninavyojishuku mwenyewe, kwa sababu kazi hiyo niliifanya, tena niliifanya vizuri kuliko wengi, na kwa uzuri huo huo nikamwaga maji ambayo hayakuzoleka.

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya Uhuru. Watu wetu walitoka upande wa magharibi. Baba yangu alikuwa karani kwenye ghala la mahindi hapa Eldoret. Nilipomaliza shule nikapata kazi katika duka dogo la vitabu la kanisa, karibu na soko. Rafu za juu zilikuwa na Biblia, vitabu vya nyimbo, na vijitabu vya maisha ya Kikristo: namna ya kuomba, namna ya kuishi na mume, namna ya kulea watoto katika imani. Rafu ya chini kabisa ilikuwa ya hadithi. Mchungaji hakuipenda rafu hiyo, lakini aliivumilia kwa sababu ndiyo iliyowaleta watu mlangoni. Wengine walinunua hadithi wakaifunika kwa kijitabu cha maombi wakitoka nje.

Mimi nilikuwa na kipaji, mwanangu. Mtu akiingia nilimsoma kabla hajafungua mdomo. Mara moja alikuja mkulima kutoka Soy akitaka kitabu cha nyimbo, na katika maneno yake akaniuliza mara mbili kama mke wake alipita pale wiki iliyopita. Nikamfungia kitabu cha nyimbo pamoja na kijitabu juu ya kusamehe. Baada ya mwezi alirudi na kabichi mbili kubwa, akaziweka juu ya meza, akasema, "Dada, wewe umetumwa na Mungu." Kabichi zile ziliniharibu. Nikaanza kuamini kwamba najua yaliyomo ndani ya watu, na kwamba kujua huko ni haki yangu.

Yona alikuja dukani kumnunulia mama yake kitabu cha nyimbo. Alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Soy, kijana mrefu, mpole. Akicheka alifunika mdomo kwa mgongo wa mkono na kugeuza uso pembeni, kana kwamba kicheko ni kitu cha kuazima. Nikamuuliza kama mama yake anajua kusoma. Akasema hapana. "Basi kitabu ni cha nini?" Akanijibu, "Anapenda kukishika wenzake wakiimba."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Tulipotaka kuoana, watu wa kwao walinung'unika, kwa nini Yona achukue msichana asiyejua lugha yao. Mama yake, Mama Salina, mjane mnyamavu mwenye mikono mikubwa ya kukamua ng'ombe, aliwanyamazisha kwa sentensi moja. "Msichana anajua kusoma," alisema, "na mimi nina masikio." Nikahamia kwake. Siku za kazi nilipanda baiskeli kwenda mjini, na kila Jumapili baada ya ibada nilimsomea.

Sasa lazima ujue hewa ya miaka ile ilivyokuwa. Mzungu alikuwa anauza na kuondoka. Wafanyakazi wa shamba na majirani walikuwa wameungana kulinunua, na kamati ilikuwa inaandika nyumba zitakazogawiwa ardhi. Ilikuwa furaha, lakini furaha yenye macho mekundu. Majirani walioazimana moto miaka yote walianza kuhesabu vizazi vya wenzao. Nani alizaliwa hapa, nani alikuja na nani, nani ni mtoto wa kambo, nani baba yake alihamia lini. Mtu akisimama karibu na mlango wa karani kwa muda mrefu, kesho yake kulikuwa na maneno. Ukimsalimia mtu, alijiuliza unataka nini. Nisiseme uongo, hewa hiyo niliivuta na mimi.

Katika kamati alikuwemo baba mdogo wa Yona, Mzee Barnaba. Marehemu baba yake Yona alikuwa kaka yake mkubwa. Barnaba alikuwa na wana watatu waliokua, na kila alipotazama shamba lile niliona anaona wana wake tu. Mke wake aliitwa Dorika. Yeye alifundisha akina mama kusoma kanisani, na alikuwa mteja wangu bora. Hadithi mpya ikiingia dukani, Dorika ndiye niliyemwekea nakala ya kwanza.

Basi ndiyo ikafika hadithi ile. Ilikuwa habari za mama mmoja wa mjini anayemlea kijana kama mwanawe, na mama aliyemzaa anauza mboga upande wa pili wa barabara, akimwona akipita kila siku. Niliinunua nakala yangu mwenyewe, nikaanza kumsomea Mama Salina. Jumapili mbili alisikiliza bila kusema neno, akichambua mchele kwenye ungo. Jumapili ya tatu nikafika mahali ambapo yule mama mlezi anaamua kumwambia kijana ukweli. Anamwita. Kijana anakuja, anakaa. Hapo ungo ukasimama.

"Funga," alisema Mama Salina.

Akainuka, akasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe walikuwa bado malishoni, na alijua hivyo, na mimi nilijua hivyo. Nikabaki na kitabu mapajani, kama mwindaji aliyeona majani yakitikisika.

Jumatano asubuhi alinikuta nikifunga mkate wangu tayari kwa safari ya mjini. Alisimama mlangoni.

"Rebeka, yule mama wa kitabu. Alimwambia mtoto?"

"Ndiyo, mama, alimwambia."

"Alimwambiaje? Alitumia maneno gani?"

Mwanangu, ningeweza kumjibu hapo hapo. Kitabu nilikuwa nimekimaliza zamani, na maneno yale nilikuwa nayo kichwani. Lakini nilimtazama usoni nikasema, "Kwa nini unauliza, mama?"

Aliangalia mikono yake. "Nimeuliza tu. Ni hadithi."

Hakuuliza tena. Na Jumapili iliyofuata nilimwambia kwamba kitabu nimekisahau dukani. Kilikuwa chini ya godoro langu. Nilitaka aulize tena ili nione atakavyouliza.

Tangu siku hiyo nikawa askari ndani ya nyumba iliyonipokea. Nilitazama picha ya marehemu baba mkwe ukutani, mtu mfupi, mnene wa shingo, nikamtazama Yona. Nikakumbuka jinsi Mama Salina alivyokubali haraka mimi niolewe. Nilikuwa nimedhani ni upendo wa Kikristo. Sasa nikajiambia kuna sababu nyingine. Nikakumbuka pia kwamba kila baada ya wiki chache alibeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa na majivu, akaenda Turbo kumwona rafiki mgonjwa. Rafiki gani huyo asiyepona wala kufa? Mtu akishaanza kushuku, hata wema huwa ushahidi.

Siku moja aliyokwenda, niliomba ruhusa dukani nikasema naumwa kichwa. Nikapanda lori la mahindi mpaka Turbo. Nilimwona kutoka mbali, nikamfuata mpaka kwenye nyumba za vibarua nyuma ya maduka. Alikaa kwenye benchi na mwanamke wa makamo, mdogo kwake kwa miaka kama kumi na mitano, mrefu, mwembamba. Majirani walimwita Nekesa. Nekesa akamimina maziwa kwenye vikombe viwili. Mama Salina alikuwa akimsimulia jambo kwa mikono, akionyesha mtu anayezungusha usukani wa trekta. Nekesa akacheka. Akafunika mdomo kwa mgongo wa mkono, akageuza uso pembeni.

Sikwenda kuwasalimia. Wazia jambo hilo. Wanawake wawili, mmoja mama mkwe wangu, mwingine anayesema lugha ya kwetu, na mimi nimejibanza nyuma ya magunia ya makaa kama mwizi. Kama ningetoka tu na kusema "Shikamoo, mama," habari yote ingekwenda njia nyingine.

Nilirudi nyumbani nimejaa. Kwenye rafu zangu za juu kulikuwa na kijitabu juu ya ndoa kilichosema kwamba nyumba ya Mkristo isiwe na pembe yenye giza. Nilikisoma tena, nikajiona nina neno la Mungu mkononi. Tena wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Unaona? Nilikuwa na kijitabu, nilikuwa na methali, nilikuwa na kila kitu isipokuwa huruma. Kwa maana kama ningetii hata kile kijitabu, ningekwenda kwa mume wangu, au kwa mama yake. Sikwenda. Nilikwenda kwa Dorika.

Sikumwambia kwa mdomo. Nilijiona mwerevu mno kwa hilo. Nilimpa kitabu. Mahali pale ambapo Mama Salina aliniambia nifunge, niliweka kipande cha karatasi, na juu yake nikaandika neno moja: Turbo.

"Hiki nakupendekezea sana," nikamwambia. "Ukifika katikati, niambie kama hakikukumbushi nyumba fulani."

Alinitazama, akatazama kitabu, akakiweka kwenye kikapu chini ya vitunguu. Baada ya siku nne alikirudisha. Karatasi haikuwemo. "Kitabu kizuri," alisema, na hakukaa kunywa chai. Ndipo nikaingiwa na baridi. Kwa siku kadhaa niliangalia kila uso njiani kana kwamba umeandikwa neno lile. Lakini hakuna aliyesema kitu, nikajituliza. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi niliona kwamba ulimi wangu haukusema lolote.

Siku ya kusomwa majina tulikusanyika kwenye banda la mitambo la mzungu, jua likiwa katikati. Wanaume walikaa kwenye mabenchi na juu ya magunia, sisi wanawake kwenye majani upande wa mlango. Karani alisoma taratibu, na kila jina likisomwa mwenyewe alisimama, akavua kofia, akakaa. Watu walipiga makofi kama harusini. Akafika kwa Yona. Yona akasimama.

"Hilo jina lingoje kidogo," alisema Mzee Barnaba.

Karani akainua kalamu.

"Tunaandika nyumba za watu wa hapa na watoto wao," Barnaba aliendelea. "Nauliza tu. Huyu ni mtoto wa nani? Kuna watu wanajua njia ya Turbo inakoishia."

Yona alicheka. Alidhani baba yake mdogo anamtania, na akafunika mdomo kwa mgongo wa mkono. Hakuna mwingine aliyecheka. Nilimwona akitazama huku na huku akitafuta mtu wa kucheka naye, na macho yake yakanifikia mimi, nikainamisha kichwa. Hapo ndipo kicheko kilipomtoka usoni.

Mama Salina alisimama kati ya wanawake. Mjane, mbele ya kamati, bila kuulizwa. Siku zile haikuwa kawaida.

"Barnaba," alisema, "mwaka ule wewe ulikuwa Nairobi kwa kazi. Kwa hiyo nitakuambia. Nilizaa mtoto, akafa siku ya tatu. Wiki ile ile msichana wa kibarua, hapa hapa shambani, alijifungua, na baba yake alikuwa amesema hataki kumwona akiwa na mtoto. Maziwa yangu yalikuwa bado yanatoka. Kaka yako ndiye aliyemleta ndani, kwa mikono yake. Mzee Kiptum yuko pale. Muulize kama kondoo wa kumpokea mtoto hakuchinjwa."

Mzee Kiptum alikuwa mkongwe kuliko wote, macho yake yameanza kupata ukungu. Alijibu bila kuinuka. "Nyama niliila. Mtoto ni wa nyumba ile. Karani, andika tuendelee, jua linatuchoma."

Karani akaandika. Jambo la shamba liliishia hapo, kwa maana wazee wote wa rika la Kiptum walikuwa wanajua tangu zamani, na kwao halikuwa siri. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mtu mmoja tu katika banda lile ndiye aliyekuwa hajui anachopaswa kujua, na ndiye aliyekuwa amesimama, kofia mkononi. Yona aliivaa kofia yake. Akapita katikati ya watu, akapita mbele ya mama yake, akapita mbele yangu, akashika njia. Hatukumwona kwa wiki tatu.

Kesho yake Mama Salina aliniita jikoni. Alikuwa hajalala, wala mimi sikuwa nimelala. Sikujua kama anajua. Nilianza kusema jinsi Mzee Barnaba alivyo mtu mbaya.

"Nyamaza, Rebeka," alisema, si kwa ukali. "Duniani kote ni mtu mmoja tu aliyewahi kuniuliza kwa nini nauliza."

Aliketi karibu na moto.

"Nilimwahidi Nekesa kwamba nitamwambia kijana mwenyewe, akishakuwa mtu mzima, na nitampeleka kwa mkono wangu. Miaka ikapita. Kila nikitaka kusema, maneno hayaji. Mimi si mtu wa maneno. Halafu Mungu akaniletea msichana wa vitabu. Nikasema, sasa nitajifunza. Nikasikia ndani ya kitabu kuna mama kama mimi. Siku ile niliogopa, nikakuambia funga. Nikatoka kulia kule kwa ng'ombe. Lakini nilirudi, Rebeka. Nilirudi nikakuuliza. Swali moja tu."

Alinyoosha mkono.

"Kilete," alisema. "Sasa soma."

Nikakileta. Nikasoma. Katika hadithi ile, yule mama anamwita kijana, anakaa, na wanachambua maharage pamoja. Anamwambia kwamba kuna mwingine aliyembeba kabla yake, na kwamba kesho watakwenda pamoja kumsalimia. Basi. Kijana anauliza kama atarudi nyumbani jioni, na mama anasema ndiyo. Sura inaisha.

"Ni hayo tu?" aliuliza Mama Salina.

"Ni hayo tu, mama."

Alisogeza kuni motoni.

"Hayo hata mimi ningeyaweza," alisema.

Mwanangu, nimekemewa na baba yangu, nimekemewa na mchungaji, nimekemewa na daktari. Hakuna kemeo lililowahi kuniingia kama maneno yale, na hayakusemwa kama kemeo.

Yona alirudi. Alikuwa amekaa Turbo, akamsaidia Nekesa kuezeka nyumba, akalala kwa jirani. Aliingia kwa mama yake kwanza, wakakaa wawili tangu saa nne mpaka adhuhuri, na waliyoyasema sikuyasikia wala sikujaribu kuyasikia. Huo ulikuwa mwanzo wangu wa kujifunza. Akarudi kwenye trekta. Siku moja tukila aliniuliza, "Unadhani ni nani aliyemwambia baba mdogo?" Nikasema sijui.

Sijui. Hilo ndilo neno nililoishi nalo. Sasa siri ya nyumba ilikuwa yangu, na nikaonja nilivyowaonjesha wengine. Akinyamaza, nilidhani amejua. Akicheka, nilidhani ananitega. Nikimwona amesimama na Dorika baada ya ibada, nilizunguka upande wa pili wa kanisa. Dukani kipaji changu kilikufa. Mtu akiniuliza achukue kitabu gani, nilimwonyesha rafu na kumwacha achague. Nilimwomba Mama Salina amwambie Yona kwa niaba yangu. Alikataa. "La kwangu ulilichukua," alisema. "La kwako silichukui."

Yalipita mavuno mawili. Kwenye mavuno ya tatu, shamba likiwa letu kweli, tulikuwa tukivunja mahindi, mimi mstari huu na yeye ule, nikasema, "Yona, ni mimi." Nikamweleza yote, kitabu, karatasi, Turbo, magunia ya makaa. Hakusimama. Aliendelea kuvunja mahindi mpaka mwisho wa mstari, akageuka, akarudi na mstari mwingine mpaka aliponifikia.

"Kwa hiyo ulikuwa unaniangalia mezani," alisema, "unajua mimi ni nani, na mimi sijui."

"Ndiyo."

"Na ukaenda kumwambia Dorika."

"Ndiyo."

Aliondoka. Alikula kwa mama yake mpaka mvua zikaja. Sitakudanganya kwamba tulikumbatiana na yakaisha. Alirudi nyumbani kwa sababu alikuwa mtu mwema, na kwa sababu Mama Salina hakuacha kumtuma kwangu na maziwa. Nekesa tulimhamishia kwetu, tukamjengea upande wa chini wa shamba, na watoto wangu walikua na bibi wawili wa baba. Lakini mpaka Yona anakufa, nikimsifia kitabu chochote, aliniuliza, "Na nani mwingine umempa?" Nusu ya swali hilo ilikuwa mzaha. Mimi na Dorika hatukulizungumza kamwe. Tumeshikana mikono kanisani miaka yote, mikono ya baridi.

Sasa chukua nasaha yangu, mwanangu, uwapelekee wenzako.

Hadithi za siri za familia zisomeni. Wanaosema ni umbea hawajui. Mjukuu wangu amenisomea moja mpya ya binti anayekuta jina asilolijua kwenye hati ya shamba la babu yake, na nyingine ya mapacha waliotenganishwa na vita vya nyumbani, na zote mbili nakupendekezea kwa mikono miwili. Lakini jueni kwamba katika kila kikundi cha kusoma yupo mmoja ambaye hadithi hiyo ni yake. Hamtamjua, na msimtafute. Atanyamaza, au atatoka nje kidogo, au atauliza swali la ajabu. Mtu akikuuliza hadithi iliishaje, mwambie iliishaje. Usimuulize kwa nini anauliza. Huenda anatafuta maneno, na huenda wewe ndiye mlango pekee alioupata.

Na vile vya maisha ya Kikristo navyo visomeni, lakini kwa jicho kali zaidi, kwa sababu vinampa mtu fimbo iliyobarikiwa. Kipo kimoja kidogo juu ya ulimi, na kingine kizuri cha mama mmoja juu ya kuishi na wakwe. Majina yake nimekuandikia hapa. Ukimaliza kitabu cha namna hiyo na mtu wa kwanza anayekujia akilini ni jirani yako, hujakisoma bado. Kirudie mpaka ujikute mwenyewe humo. Na usimpe mtu kitabu kwa ajili ya kumwambia jambo unaloogopa kumwambia. Kama lina haki ya kusemwa, liseme kwa mwenye nalo, mlangoni kwake, mchana. Kama huwezi, basi halikuwa lako.

Na kama umeshakosea kama mimi, usingoje mavuno matatu.

Basi nenda. Mungu akujalie mkono mwepesi wa kutoa kitabu na mdomo mzito wa kukisimulia. Akupe usikivu mbele ya wanyamavu. Nyumba utakazoziingia zikuone unaingia zifurahi, na ukitoka ziwe na amani zaidi kuliko ulivyozikuta. Watoto wako wasije wakasikia habari zao kutoka kwa mtu mwingine, ila kutoka kwako, taratibu, wakiwa wameshiba. Amina, mwanangu.